Je, Nife Tena Ili Nimalizie Kusoma?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafa mara ya pili, maana ya kwanza nimeshakufa, alasiri ya Jumanne iliyopita, na niliyoyasoma nikiwa marehemu hayajaniacha nikae kwa raha mpaka leo.

Mimi ni fundi cherehani, mzee wa miaka sabini na mbili, shule niliiacha darasa la tatu kabla yenyewe haijaniacha, na kusoma nasoma kwa kufuata na kidole, herufi moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Binti yangu alininunulia simu hizi za kugusa akaniingiza kwenye kundi la mafundi na majirani wa mtaa wetu, basi nikajishonea suti nyeusi, nikaenda studio nikapigwa picha, kichwa hadi kiuno tu kwa sababu suruali ilikuwa bado imeshikwa na pini, nyuma yangu wameniwekea maua meupe, nikaitupia kundini bila neno hata moja kwa kuwa kuandika kunanichukua nusu siku, nikaweka simu kwenye chaji, nikalala usingizi wa mchana.

Naamka, ujumbe sitini na nne! Wa kwanza wa katibu wa kundi: "Jamani! Lini tena?" Wa pili: "Si juzi tu kanipunguzia gauni?" Halafu machozi, mishumaa, poleni wafiwa. Mshauri, mtu mwenye adabu angesema hapo hapo kwamba yupo hai, lakini mimi nikajiuliza, hivi ni wangapi wamewahi kupata bahati hii? Nikanyoosha miguu kwenye kochi nikaanza kusoma. Kinyozi ameandika sikuwahi kukosana na mtu, na yeye mwenyewe nimekosana naye mara mbili mwaka huu. Mama mmoja aliyenitukana mbele ya watu kwa kuchelewesha sare za watoto wake ameandika nilikuwa fundi wa ahadi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Ndipo nikafika kwa Pindo.

Pindo nilikaa naye chumba kimoja miaka ishirini na miwili, cherehani yake na yangu zikitazamana, mimi nakata yeye anapinda, na jina alilipata hapo, kwa sababu akishapinda suruali uzi huuoni hata ukivaa miwani. Miaka sita iliyopita mkasi wangu mkubwa, niliorithi kwa aliyenifundisha kazi, ulipotea, nikasema maneno, naye akabeba cherehani yake akahamia mtaa wa tatu, na tangu siku hiyo tukikutana kila mmoja anatazama viatu vyake. Sasa kaandika ujumbe mrefu kama pazia: "Ndugu yangu, mimi nilikuwa nakusubiri uje, na wewe ulikuwa unanisubiri mimi, sasa umenishinda kwa ujanja wako ule ule. Na ukweli wa ule mkasi ni kwamba..."

Kidole changu kiko kwenye "kwamba", jirani yetu akaingia analia, akajitupa sakafuni. Mke wangu akatoka jikoni. "Shoga, umefiwa na nani?" "Na mumeo!" "Mume wangu yupi? Huyu anayecheka kochini?" Akaninyang'anya simu, akarekodi sauti: "Hajafa! Yupo hapa, kilichokufa ni akili!" Kunirudishia simu, pale pa Pindo pameandikwa: Ujumbe huu umefutwa.

Umefutwa! Na kundi zima wameshausoma kasoro mimi mwenye mkasi. Nimemuuliza katibu, kasema, "Mzee, hayo ya mkasi mimi simo." Kinyozi kanitazama kwenye kioo, kasema, "Kumbe!" akaendelea kunyoa. Mwanangu wa kiume anataka nitoke mitandaoni, eti si mahali pa wazee, watu wanazika walio hai. Binti yangu anasema bila mtandao Pindo asingefungua mdomo mpaka kiama. Mimi sijui nishike upande gani. Nilichofikiria ni hiki: nife tena, safari hii kwa utaratibu, na tangazo, ili Pindo aandike upya, nami niwe nimejifunza kusoma haraka haraka. Unasemaje?

Ni mimi, marehemu mzima wa afya.

MSHAURI ANAJIBU:

Shikamoo, baba. Salamu nimeshatoa, sasa acha nikuseme.

Hufi tena. Ukizoea mchezo huo, siku yako ya kweli watu watakutekenya kwanza ndipo walie. Na yule jirani mwombe radhi, maana kati ya wote hao ni yeye peke yake aliyekuja kukulilia kwa miguu yake. Hapo mwanao ana haki: machozi ya wengine yalikuwa ya kubonyeza. Lakini na binti yako ana haki. Mitaa mitatu mmeshindwa kuivuka miaka sita, simu ikaivuka kwa dakika moja. Usitoke kundini. Pindo aliona jina lako linaingia humo, na yeye hakutoka.

Ila mbona unanificha? "Nikasema maneno." Maneno gani? Umenieleza hadi maua ya studio, ukifika hapo umekata. Nitakusomea mimi, na sihitaji kidole: ulimwita mwizi. Tena mbele ya wateja, maana wewe hata kufa hufi bila watazamaji. Unauwinda ujumbe wa mwenzio, na wako hujaandika hata herufi moja! Wewe unataka kujua mkasi ulikwenda wapi. Yeye miaka sita anataka kujua kama utamwomba msamaha hata usipojua.

Na hizo pini, baba? Fundi mzima, suruali yako mwenyewe haijapindwa? Hukushindwa kuipinda. Umezoea kumwachia mwenyewe, Pindo.

Basi ichukue. Kesho asubuhi ikunje, simu iache kwa mkeo, nenda mtaa wa tatu. Usianze na mkasi. Sema, "Nilikuita mwizi, nilikosa, nisamehe," halafu mpe suruali, kaa kwenye benchi la wateja, unyamaze. Najua hapo ndipo patakapokuwa pagumu kwako. Mguu wa kwanza ataupinda kimya. Wa pili ataongea. Akikwambia habari za mkasi, sikiliza mpaka mwisho. Asipokwambia, shukuru, uvae suruali yako, kesho yake umpelekee nyingine.

Mkishapatana, pigeni picha muitupie kundini, na safari hii ionyeshe mpaka miguu. Chini yake, baba, hata kama itakuchukua nusu siku, andika: "Tu wazima, wote wawili."