Presha Si Nguvu, Baba Muthoni

Baba Muthoni,

Usishtuke, ni mimi mke wako. Ndiyo, nimeandika kwa mkono wangu, tena kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika kule ngumbaru, shule ya watu wazima. Wewe ulikuwa unacheka ati mama mzima anabeba kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza. Cheka sasa nikuone.

Huku tuko sawa. Ng'ombe amezaa ndama jike, mwenye paji jeupe na kichwa kigumu kama chako. Muthoni wetu amepaka nyumba rangi ambayo ungeikataa. Leo asubuhi Mlima ulijitoa wote, hata theluji ikaonekana, nikasema, ah, mzee wangu angekuwa amesimama hapo mlangoni na kikombe chake cha chai, anazibia watu njia.

Lakini sikuchukua kalamu kukupa habari za ng'ombe. Nimekuja kukugombeza. Tangu tukuzike nimenyamaza kwa sababu watu walisema marehemu hagombezwi. Walisema wao. Mimi niko na neno na wewe.

Unakumbuka ile Jumapili tulipimwa presha nje ya kanisa? Wazee mmeketi kwenye benchi, mikono ya shati imekunjwa, kila mmoja anachungulia ya mwenzake. Ukaambiwa yako iko juu sana, uende hospitali. Wewe ukatoka hapo kifua mbele. "Yangu imeshinda ya wote!" Ukamgeukia jirani yetu: "Githinji, yako ni ya kuku!" Ukaenda kuitangaza mpaka kwa maduka ya Kiganjo. Ulidhani damu ikisukumwa kwa nguvu, basi mwenyewe ana nguvu. Nikakuambia ukachukue dawa. Ukasema, "Mama Muthoni, dawa ni ya mtu anaumwa. Mimi naumwa wapi?"

Na kweli hukuumwa popote. Mpaka asubuhi ile kikombe kikaanguka, na mkono haukukiokota. Kiharusi hakikukuuliza unaumwa wapi.

Basi. Nimefuta macho, naendelea.

Juzi nimepimwa mimi. Iko juu. Daktari ni msichana wa Wang'uru, kule kwa mashamba ya mpunga, mdogo kuliko Muthoni, akaanza kuniandikia dawa. Nikamwambia, "Mimi naumwa wapi?" Maneno yalipotoka nikasikia ni sauti yako. Lakini unanijua, sikukubali.

Hakubishana. Aliniuliza kama mjukuu anavyomuuliza nyanya yake, "Cucu, kwenu mnamwagilia shamba kwa mpira?"

"Nani hamwagilii? Ni nyinyi watu wa mchele mnalima ndani ya maji."

Akacheka. "Ukibana mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanafanyaje?"

"Yanaruka mbali. Yamepata nguvu."

"Na ndoo itajaa haraka zaidi?"

"Kwani haitajaa?"

"Nenda ujaribu, cucu. Kama nimekosea, rudi unigombeze."

Nilirudi nyumbani mbio, nipate sababu ya kumgombeza, nikatafuta ndoo. Kwanza niliacha mdomo wa mpira wazi. Maji yakatoka kwa utulivu, hayana maringo, na ndoo ikajaa kabla sijamaliza kumfukuza kuku. Halafu nikabana. Loo! Yakaruka, yakalowesha kitambaa changu cha kichwa, yakapiga ukuta. Hata nilipoelekeza mdomo ndani ya ndoo, nilisimama mpaka kidole kikafa ganzi, na bado haijajaa. Kelele nyingi, maji kidogo. Nikasema, huyu ni Baba Muthoni kabisa.

Nikashika ule mpira nyuma ya kidole. Ulikuwa umekaza kama shingo ya fahali. Hapo ndipo nilipokumbuka kazi yako.

Wewe ndiye ulilinda bomba la maji la kijiji chetu, kutoka juu msituni mpaka huku chini. Kila asubuhi unalifuata, unapapasa viungo, mfukoni una vipande vya tyubu ya baiskeli vya kufunga palipolegea. Ulipigia watu kelele: "Msifunge mifereji yote pamoja! Maji yakikosa njia yatatafuta ukuta!" Walipofunga wote siku ya harusi, bomba likapasuka palepale ulipokuwa umesema, kwa ua wa Githinji. Na lile bomba kuukuu ulipolikata, tulichungulia ndani tukaona tope limeganda, njia imebaki ya kupita kidole. Ulisema wewe, kwa mdomo wako, "Hapa maji hayapiti bila kusukumwa sana."

Sasa Baba Muthoni, bomba la kijiji ulilijua hivyo, na la mwili wako ukalifanyia majigambo?

Nilirudi kwa yule msichana. Sikumgombeza. Akaniambia mwili unataka damu yake ileile kila siku. Mishipa ikibana, moyo lazima usukume zaidi ndiyo damu ifike. Tena ikibana kidogo tu, kazi ya moyo inaongezeka sana. Moyo unachoka, na ukuta wa mshipa ndio unaumia, pole pole, bila kukuambia. Chumvi nayo inafanya mwili ushike maji mengi, mabomba yanajaa zaidi. Vidonge alivyonipa vinalegeza mishipa. Ni kama kutoa kidole mdomoni mwa mpira. Ni hiyo tu. Hata wewe ungeelewa.

Sasa nameza kila asubuhi na chai, niumwe nisiumwe. Muthoni ameficha chumvi, mboga za nyeni zina ladha ya nyasi, na nimemwambia hivyo. Nilipopimwa tena ilikuwa imeshuka. Nikatoka hapo kifua mbele, nikapita kwa Githinji: "Yangu imeshuka! Yako je, kuku?" Alisema hajui, tangu ile Jumapili ya kanisa hajapimwa tena. Nilimgombeza mpaka akavaa koti akaenda kupimwa. Naye amepewa vidonge. Angalau huyo atanisikia, kwa sababu wewe ulinishinda.

Nimekugombeza, nimemaliza, sina kinyongo. Chai bado namimina vikombe viwili, halafu nakunywa vyote.

Jambo la mwisho. Pale kando yako, walipopima nafasi ya kaburi langu siku ile ya mazishi yako, nimepanda viazi. Vimeshika vizuri, udongo wa hapo ni mweusi. Vikitoka nitapanda maharagwe, na yakitoka nitapanda viazi tena. Nakuahidi nitakuwa nakuja kupalilia na kukusalimia, na kidonge changu nitakuwa nimemeza.

Lala vizuri, mzee wangu. Wala usisogee kuniachia nafasi. Bado nalima hapo.

Mimi,
Mama Muthoni