Ng'ombe wa Kuigiza Hawajarudi

Nyamisangura,
Tarime.
12 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Scholastica,

Shikamoo Shangazi. Ni mimi Ghati, binti wa marehemu kaka yako, yule uliyekuwa unamwambia kwamba mdomo wake utamfikisha mahakamani au redioni. Umenifikisha redioni, nashukuru. Goti linaendeleaje? Binti yako Juliana aliniambia mwezi wa sita kwamba huwezi tena kuinama kwenye mpunga, na kwamba unakataa fimbo kwa sababu fimbo ni ya wazee. Itumie, Shangazi. Huko Ifakara hakuna anayekujua umri.

Sisi huku ni wazima. Mama anaamka vizuri, ila jicho la kushoto linazidi kufifia. Mahindi yaliyokuwa ya kuvunwa yameshavunwa, na vumbi limekuwa jingi mpaka nguo nyeupe tumeziweka sandukuni tukisubiri mvua.

Utashangaa kupata barua wakati wote tuna simu. Simu yako nimeipiga wiki mbili, inaita mpaka inachoka. Juzi nikaazima ya mama mwenye nyumba, Felista, ukapokea mlio wa pili. Uliposikia ni mimi mtandao ukaanza kusumbua. Basi nimeona niandike, kwa kuwa karatasi haina mtandao. Nampa Emanueli, yule mwalimu wa huko kwenu aliyekuja kuzika mjomba wake. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, asimpe mtu mwingine, na akae mpaka uimalize.

Kabla sijafika kwenye lililonifanya niandike, nikupe habari za maisha yangu, maana najua utauliza kama nakula. Nakula. Bado nimepanga chumba kile kile, na kazi ni ile ile ya kuigiza. Jumanne na Alhamisi tunarekodi mchezo wa redio. Siku za mnada tunazunguka na maigizo ya mashirika, leo kuhusu vyoo, kesho kuhusu chanjo ya mifugo. Mwaka huu nimekuwa mama wa kambo redioni, mbaya kabisa, na nimemwekea mtoto wa watu sumu kwenye uji. Tangu hapo mjini nimekuwa mtu wa kutazamwa. Nilikwenda dukani kununua dawa ya panya, muuzaji akaniuliza naishi na nani. Nilipomwambia naishi peke yangu akasita zaidi, akaniuzia mtego.

Kuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita bila mume ni kazi ya pili, nayo haina likizo. Felista akisikia viatu vya mwanamume uani, anakumbuka kufagia. Wake za watu wakiniona naongea na waume zao kuhusu mazoezi wananisalimia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Nimezoea. Ila na mimi kazi hii imenifunza kutazama. Mtu akidanganya simtazami usoni, maana uso kila mtu anaweza kuufundisha. Naangalia mikono. Ndiyo maana nakuandikia, Shangazi, kwa sababu kuna mikono mingi nimeiona hivi karibuni na sikuipenda.

Mwezi wa saba alitujia Ndalahwa, Msukuma mmoja aliyekuja huku kutafuta dhahabu, akaikosa, akanunua kamera. Ni kijana mpole na kazi yake anaijua. Akasema anatengeneza picha kuhusu mahari ya Kikurya, na mimi nitakuwa bibi harusi. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa boma lenye zizi zuri. Hapo kaka yangu Werema akajitokeza. Akasema tuje nyumbani kwetu, zizi la marehemu baba lipo, bure kabisa.

Nilifurahi, Shangazi. Nakiri nilifurahi kama mtoto. Werema hajawahi kuja kuniona naigiza hata mara moja. Alipokuwa akiulizwa dada yako anafanya kazi gani, alikuwa anasema niko mjini tu. Leo anakuja mwenyewe kufagia uwanja kwa ajili ya kamera. Nilipaswa kujiuliza siku ile ile, lakini mtu akipewa maji wakati ana kiu hachunguzi kisima.

Siku ya kurekodi, Elia, mwigizaji wetu wa siku zote ambaye angekuwa bwana harusi, akapiga simu kwamba ana malaria. Jioni ya jana yake nilikuwa nimemwona anakula nyama choma. Kabla Ndalahwa hajaanza kulalamika, Werema akasema yuko mtu, rafiki yake kutoka Nyansurura, anaitwa Mwikwabe, mfuga ng'ombe, hajawahi kuigiza ila ana umbo. Akaja, ameshavaa, ameshanyoa. Kwa mtu aliyeitwa ghafla alikuwa ametakata mno.

Ndalahwa alikuwa ameomba ng'ombe watatu, awazungushe mbele ya kamera waonekane wengi. Wakaja kumi na wawili. Walikuwa ng'ombe wa kweli kweli, mitamba mizuri, na mmoja mkubwa mwenye baka jeupe kwenye paji. Akina mama wa jirani wakapiga vigelegele bila kuambiwa waanze. Chakula kilichopikwa hakikuwa cha kuigiza. Baba mkubwa Nyangwine, ambaye hatukumpa sehemu yoyote kwenye picha, alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake, akawagusa ng'ombe mmoja mmoja wakiingia. Alifanya vizuri sana. Ndalahwa akaninong'oneza kwamba hawa wazee wanatushinda sisi tunaolipwa.

Mwikwabe alisahau kila neno aliloandikiwa. Ndalahwa akaomba turudie, ng'ombe watoke nje waingie upya. Baba mkubwa akaweka fimbo kukingama mlango. Akamwambia yule kijana wa kamera, "Mura, ng'ombe zikishaingia hazitoki."

Ndalahwa alipiga makofi. Alidhani mzee ameongeza maneno yake mwenyewe kwenye mchezo. Na mimi, Shangazi, mimi Mkurya niliyezaliwa kwenye boma lile, nilicheka pamoja naye. Nilikuwa nimevaa khanga za bibi harusi, nimepakwa poda, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kamera.

Wiki ya kwanza niliambiwa ng'ombe wamebaki kwa sababu Nyansurura hakuna majani. Wiki ya pili niliambiwa mmoja anachechemea. Ya tatu sikuambiwa kitu, ila Werema alinunua suruali mpya na akaonekana mara mbili akielekea kwa wazazi wa Petronila, msichana anayemtaka tangu mwaka juzi, ambaye baba yake alimwambia arudi akiwa na ng'ombe. Hapo ndipo nilipokaa chini nikahesabu, tena si ng'ombe niliohesabu. Kwetu kila kaka ana dada yake, na ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka mke. Babu alitugawa tukiwa bado tunatambaa, akasema Ghati ni wa Werema. Werema ana miaka thelathini na tisa. Amenisubiri nikue, nimalize shule, nichoke kuigiza, na sikuchoka. Mwisho akaamua kuileta harusi ndani ya igizo, mahali ambapo nisingeikataa.

Ndalahwa aliniruhusu nikae kwenye kompyuta yake nitazame sini ile ya ng'ombe kuingia. Nimeitazama mara nyingi. Ng'ombe wanapoingia kila mtu anaangalia ng'ombe. Elia pia yumo, nyuma ya ghala, mzima wa afya. Mtu mmoja tu haangalii ng'ombe. Ni mama. Ananiangalia mimi, na mikono yake imeshika ncha ya khanga na kuiviringisha, kama anavyofanya akiwa kanisani kabla ya kutubu. Nami ninalia. Hakuna aliyeniambia nilie, haikuwa imeandikwa. Sasa hata machozi yangu nayashuku.

Jumapili iliyopita Mwikwabe alikuja mpaka hapa Nyamisangura, amebeba kuku na sukari. Felista akatoka na ufagio wake. Nilimpokea mlangoni, sikumpisha, nikamuuliza kwa ukali anataka nini na ng'ombe wake watatoka lini. Aliweka kuku na sukari chini. Alikuwa ameambiwa kwamba nimekubali, kwamba mimi ni mtu wa picha na nimetaka ndoa yangu ifanyike ndani ya picha. Aliona jambo la mjini, akavumilia.

Akaniuliza taratibu, "Kwani wewe siku ile ulikuwa unaigiza?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, Shangazi, nikashindwa. Mikono yake ilikuwa imetulia. Ni mtu mwema aliyedanganywa kama mimi, na kama ningekuwa natafuta mume pengine ningemwambia apite akae. Lakini sitafuti. Mimi nikifunga mlango wangu jioni na kusoma maneno ya kesho kwa sauti, nikiwa peke yangu, sina ninachopungukiwa. Nilimweleza hivyo. Alikaa kwenye ngazi, akasema yuko tayari kuchukua mifugo yake na kusahau, ila hawezi kuingia zizini kuitoa mwenyewe, ataitwa mwizi. Lazima mwenye boma aifungulie.

Mwenye boma ni nani sasa? Nilikwenda kwa mama kuuliza hivyo hivyo. Nilimkuta anachambua maharage kwa jicho lake moja. Hakukataa kwamba alijua. Alisema, "Mimi hapa nililetwa na ng'ombe za shangazi yako. Neno la boma hili ni la kwake. Muulize yeye."

Nikanyanyuka. Sasa sikiliza, Shangazi, maana hapa ndipo usingizi uliponipotea. Nikiwa mlangoni, mama akaongeza, kwa uchovu, kwamba hata hivyo wewe ulipiga simu asubuhi ile kabla kamera haijafika, ukauliza kama yule mwenye baka jeupe naye amekuja.

Nimeligeuza neno hilo kila upande. Baba mkubwa hana simu. Mama hakumwona ng'ombe yule mpaka alipoingia. Werema alikwenda kuwachagua Nyansurura, kwa hiyo alikwambia Werema. Na kama alikwambia rangi ya paji la ng'ombe, hakuacha kukwambia ng'ombe ni wa nini. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekagua nguo zangu zote, Shangazi. Sikudhani ningehitaji kukagua ile uliyonishonea wewe.

Wewe ndiye uliyeuza mbuzi wako nikaenda chuo cha sanaa kule Bagamoyo baba alipokataa. Wewe ndiye uliyemwambia baba kwamba mtoto huyu aachwe. Ndiyo maana nimeudhika, na nimeogopa pia, kwa sababu Werema naweza kupambana naye, baba mkubwa naweza kumlilia, lakini neno lako sina pa kulikatia rufaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu Werema anawapeleka ng'ombe kwa akina Petronila. Wakishaingia zizi lile na Petronila akaja kwetu, mimi nitakuwa mke wa mtu, na kila atakayenihurumia atanihurumia kwa kunisindikiza Nyansurura.

Mama aliwahi kunisimulia ilivyokuwa kwako. Ulikuwa na miaka kumi na sita, uko shambani unafukuza ndege kwenye mtama. Uliitwa ukadhani kuna msiba. Ulipofika ukakuta ng'ombe wameshaingia, babu ameshika fimbo mlangoni, na baba yangu ameanza kucheka kwa furaha kwa kuwa sasa ataoa. Mama anasema hukulia, uliomba tu maji ya kunawa miguu. Kwa hayo maji mama alikuja, nami nikazaliwa. Najua nakula matunda ya mti ninaotaka kuukata.

Inawezekana umeona kwamba kama wewe ulinawa miguu ukaenda, na mimi naweza. Inawezekana pia Werema amekulilia, naye ni mtoto wako kama mimi, na anazeeka bila mke. Sina hakika, na sitaki kukuhukumu kwa kushuku tu. Nimefikiri sana jinsi ya kumaliza jambo hili, nikaona nifanye kitu kimoja ambacho siku ile ya mtama hakuna mtu aliyekufanyia. Nakuuliza, Shangazi. Unataka niende?

Kama jibu lako ni ndiyo, liandike nyuma ya karatasi hii kwa mkono wako, umpe Emanueli. Ninaujua mwandiko wako, na mikono yako naijua. Kama ni hapana, mpigie baba mkubwa kwa simu ya mama, umwambie afungue zizi, maana neno lako hatalipinga. Werema mwambie nitamsaidia kutafuta ng'ombe wake kwa jasho langu, mmoja mmoja, hata kama itanibidi niigize vyoo mpaka nizeeke.

Msalimie sana Juliana na watoto wake, mwambie yule mdogo nimesikia anaiga sauti za walimu na nimemwonea huruma. Wasalimie na majirani zako. Mama anakusalimu. Werema hajui kama naandika, kwa hiyo salamu zake sina. Mungu akupe goti jipya na alinde mpunga wako na ndege, hata wale wanaofukuzwa na wasichana wa miaka kumi na sita.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikikushuku,

Ghati