Mama Anataka Apasuliwe Mgongo Hospitali Ninayofanyia Kazi

Mpendwa mshauri,

Kabla hujasoma mstari wa pili, naomba kila neno la barua hii libaki kati yako na mimi, na kama ni lazima uichape, basi iwe Jumanne, kwa sababu mama yangu hununua gazeti lenu Jumamosi tu, husoma ukurasa wako kwanza, kisha huukata kuwa kipimo cha mikono ya mashati.

Mama ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka thelathini ameinamia cherehani ile ile ya miguu. Tangu mwaka jana analalamikia mgongo, tukadhani ni uchovu, tukapaka dawa, lakini miezi miwili iliyopita nilimkuta ameinama chini ya meza akiutafuta mguu wake wa kulia kwa macho, kwa sababu ulikuwa umeteleza kutoka kwenye pedali na yeye hakuhisi. Alicheka, akasema mguu umeomba likizo. Mimi sikuweza kucheka. Picha zilionyesha mishipa ya fahamu imebanwa kwenye uti wa mgongo, na daktari akasema upasuaji usicheleweshwe.

Sasa aibu yangu. Mimi ni karani wa mafaili ya wagonjwa katika hospitali ya mjini kwetu, chumba cha chini, karibu na stoo ya mashuka. Nilipoanza kazi, daktari mmoja alishuka mwenyewe kutafuta faili, nikampatia, akashukuru, na niliporudi nyumbani nikamwambia mama kwamba madaktari hawawezi kuanza kazi bila mimi. Nilikuwa natania, lakini yeye aliliweka moyoni, na tangu hapo kila mteja anayepimwa kiuno husimuliwa jinsi madaktari wanavyoshauriana na mwanawe, nami nimemwacha aseme kwa sababu uso wake hung'aa anaposema. Ukweli ni kwamba huko juu wananiita "wewe wa mafaili".

Ndiyo maana mama ameamua apasuliwe hapo hapo. Anasema makoti ya madaktari wale ameyashona yeye, sasa ni zamu yao wamshone. Lakini mafaili nayapanga mimi, na najua upasuaji kama wake umefanyika pale mara mbili tu mwaka mzima uliopita, wakati hospitali ya rufaa, safari ya siku nzima kwa basi, ina wodi nzima ya wagonjwa wa mgongo. Naogopa kusema, maana tulikula kiapo cha kutotoa ya kwenye mafaili.

Wiki iliyopita tulikaa mbele ya daktari. Akaanza, "Mama, kwa tatizo kama hili, iko hospitali ya rufaa ambayo..." Mama akamkatiza kwa upole: "Daktari, huko nani ananijua? Hapa nina mwanangu."

Daktari akanigeukia, akaniuliza mimi naonaje. Nikajibu, "Kama mama anavyotaka." Akaandika tarehe.

Zimebaki siku kumi na tisa. Kila cherehani inaponyamaza ghafla nasimama mlangoni kutazama kama mama bado ameketi. Je, nivunje kiapo cha kazi, au nivunje moyo wa mama? Tafadhali usinipigie simu ya ofisini, tunaitumia watu wanne.

Karani wa chumba cha chini

*

Karani wangu,

Leo ni Jumanne, nimetimiza. Na wewe utimize.

Kiapo chako kiache kilivyo, wala faili la mtu usiliguse. Daktari alikuwa anawaambia mwenyewe, mkamkatiza, mama kwa kutojua na wewe kwa kujua. Alikugeukia akitafuta msaada, ukajificha nyuma ya mama. Kwa hilo nakulaumu, na sitalirudia, kwa sababu naona umeshajilaumu vya kutosha.

Rudini kwake wiki hii. Mwombe amalizie sentensi ile. Kisha mama amwulize kwa mdomo wake: upasuaji huu ameufanya mara ngapi, mambo yakiharibika katikati pale wana nini cha kumsaidia, nani atamfanyisha mazoezi ya kutembea baadaye, na kama mgonjwa angekuwa mama yake mzazi angempeleka wapi. Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Kufanya mara mbili kwa mwaka hakumfanyi kuwa mbaya, ila kunawapa haki ya kuuliza. Akisema rufaa, awaandikie barua, na picha zote mzibebe wenyewe. Lakini miguu ikilegea ghafla, au mama akipata ganzi mapajani au kushindwa kuzuia haja, mkimbizeni hospitali iliyo karibu saa ile ile. Hapo hakuna cha kuchagua tena.

Haya yote yanatanguliwa na jambo moja: mwambie mama kazi yako. Mtu anayekisia kiuno cha mteja kabla hajashika futi, unadhani kipimo chako hakijui? Anachoogopa ni kulala mahali ambapo hakuna anayemjua. Basi omba likizo, panda naye basi, keti kando ya kitanda chake. Kwa kazi hiyo, wewe wa mafaili unatosha.

Una siku nne kabla ya Jumamosi. Ukikosa pa kuanzia, liweke gazeti hili juu ya meza yake ya kukatia, ukurasa huu juu, na usitoke chumbani. Kisha niandikie. Juu ya bahasha andika "Mguu wa kulia", umwachie mlinzi wa lango letu na umwambie ni yangu peke yangu. Simu ya ofisini sitapiga. Na mama akitaka kuongeza mistari yake, bahasha ni hiyo hiyo.