Godoro la Kwenda Makumbusho

Dada yangu wa mjini,

Huku wazima, hasa mimi, maana uzuri unazidi kuninyanyasa. Baba anasema Jumamosi ananileta huko mji mkuu tutazame makumbusho na sanamu za mashujaa, Jumapili turudi. Safi sana. Lakini baba huyuhuyu, seremala asiyetazama hata picha ya kalenda, amenichongea sanduku la kufuli, na godoro langu limeshafungwa kamba. Nikamuuliza la nini.

"Mjini kuna baridi, bwana mdogo."

Mimi niliyetoroka shule mara mbili nidanganywe hivyo? Dada, kama napelekwa bweni, niambie. Na kwa nini juzi ulimuuliza mama navaa viatu namba ngapi?

Mdogo wako mtanashati,
ambaye bado anakuamini, ila kidogo.