Dirisha Ambalo Sijalipaka Rangi

Sori, kwa njia ya Homa Bay

Mke wangu Mwanasha,

Hujambo, mama Rukia? Mimi mzima. Kifua kimepoa na upepo wa ziwa nimeshauzoea. Goti la mama lasemaje? Na Rukia, bado anakataa uji?

Uliniandikia kwamba hutoki Mombasa kuja kulala kwenye turubali pamoja na mafundi, na ulisema haki. Basi sikiliza. Msimamizi wetu, Mzee Odhiambo, aliniahidi kwamba madirisha ya zahanati mpya yakistahimili mvua za huku, nitaandikwa fundi wa kudumu na nyumba nitapewa. Yasipostahimili, nifunge virago.

Na nusura nivifunge. Mbao zilikuwa na nyufa na matundu ya misumari, nami nikaziba kama tunavyoziba vitanda huko kwetu, kwa unga wa mbao na gundi ya kuchemsha. Nikapiga msasa, nikapaka rangi, zikawa laini kama shavu la Rukia. Nilijisifu mpaka wenzangu wakanichoka. Mvua ikaja kutoka ziwani, ikapiga ukuta ule mchana kutwa. Gundi ikalainika, rangi ikafura, vyote vikatoka.

Odhiambo akaniambia, "Omera, ndugu yangu, dirisha yako inatapika. Sasa mimi nitaambia wakubwa nini?"

"Mzee, kitanda hakinyeshewi," nikamjibu.

"Na hii si kitanda."

Niliona haya, Mwanasha, na nilikuwaza wewe. Nikakwangua yote. Safari hii nikachukua kipande cha mbao, upande mmoja nikatia gundi, upande wa pili puti niliyoikanda kwa chaki ya kusaga na mafuta ya kitani, nikakiacha nje kinyeshewe. Gundi ikawa uji. Puti nikaikwaruza kwa ukucha, ikakataa kutoka. Basi nikazipaka mbao mafuta kwanza, zisije zikanyonya yale ya puti, nikashindilia kila ufa, nikangoja ikauke. Kungoja ndiko kulikonitesa, nawe wanijua. Kila asubuhi Odhiambo akipita, hubonyeza kwa kidole. "Bado, fundi. Bado."

Mvua zimepiga tena, mke wangu, na hakuna kilichotoka. Jana Odhiambo alipitisha kiganja juu ya mbao, akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo. Nyumba ina vyumba viwili na bati jipya. Jirani ni mama mmoja muuza samaki kutoka Karungu, na tayari ananiuliza utafika lini.

Nisalimie mama, umwambie namwombea goti. Msalimie kaka yako dereva, ndiye nimtegemeaye akupandishe treni. Na shoga yako wa mlango wa pili msalimie pia, ila asikutie maneno.

Dirisha la chumba chetu nimeliziba na kulisugua, na linafunga barabara. Rangi tu ndiyo sijalipaka. Ninayo ya kijani na ya samawati. Njoo uchague.

Mumeo akungojaye,
Salim