Chai Bila Sukari

4 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi wazima, na mguu wa mke wangu unapona. Poleni kwa ajali ya boila. Nimesikia walioungua wameruhusiwa kurudi nyumbani.

Gazeti linasema boila ya kiwanda chenu cha sabuni ilikaguliwa mwezi uliopita, na kwamba "mkaguzi alipewa chai, akaenda zake." Aliyesema ni mpishi wa kiwanda. Mkaguzi ni mimi, na jikoni mpishi ni wewe peke yako. Ulinipa chai kweli: kikombe kimoja, bila sukari, nikanywa nimesimama. Kisha nikaagiza boila izimwe. Hawakuizima. Sasa ofisini wananiuliza nilipewa shilingi ngapi.

Ulimwambia nini yule mwandishi?

Mjomba wako

7 Machi

Mjomba, shikamoo.

Habari za nyumbani? Mimi mzima. Mjomba, nilisema chai, nikimaanisha chai ya birika. Yeye ndiye aliyeigeuza. Watu hawa unawapa sindano, wanaandika shoka! Usijali, yatapita.

Mpwa wako

16 Machi

Mpwa,

Mke wangu anakusalimu.

Kamati ya uchunguzi ilinisikilizisha sauti yako kutoka kinasa cha mwandishi. Mwandishi anauliza, "Chai ya kunywa, au ile nyingine?" Unacheka. Wenzako nao wanacheka. Halafu unasema, "We kaka nawe! Chai ni chai."

Hakugeuza kitu. Mtu akikushikia kinasa sauti, hata kicheko chako ni jibu. Hujui, sema hujui. Unajua, sema lote, mpaka kwenye sukari. Hutaki, nyamaza, uendelee kumenya viazi.

Nimesimamishwa kazi.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mguu wa mkaza mjomba unaendeleaje?

Nimekwenda kwa mwandishi. Ameahidi kuandika kwamba ilikuwa chai ya kunywa. Akasema, "Lakini dada, kicheko nitakisahihishaje?"

Nimekwenda kwenye kamati pia. Nikawaeleza kikombe, sukari, na kwamba ulimwambia meneja azime boila, nikasikia kwa masikio yangu. Mwenyekiti akaniuliza, "Basi ulikuwa unacheka nini?"

Ningewaambiaje kwamba wapakizi wote walikuwa wamenizunguka pale getini, wananiita mheshimiwa, na nilitaka wacheke tena? Nilijua anauliza nini. Nilikujua na wewe, huli rushwa.

Mpwa wako

19 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumai nyote wazima. Barua yangu ya mwezi uliopita haijajibiwa, nami nimeisoma upya ile yako ya mwisho. Haina marahaba. Mara ya kwanza sikuona, nilikuwa natafuta umesema nini juu yangu.

Masahihisho yalitoka mistari miwili, chini ya tangazo la matairi. Kiwandani bado wananitania: "Mpishi, mimina chai!" Namimina. Sicheki.

Siombi unisamehe kwa barua. Niandikie neno moja tu, lile la kujibu shikamoo. Usiponiandikia, nitaelewa.

Mpwa wako