Mwanga Uliochoka

Kwa Kaka Merv,

Salamu nyingi kutoka Melbourne, ambako asubuhi tumeungua na jioni tunatetemeka, kama kawaida ya mji huu. Sikio linaendeleaje? Najua kimebaki kipande tu, lakini hicho kipande ndicho ninachokiulizia. Kofia unavaa ukiwa na kondoo, au mpaka Shirley akufokee? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haina raha.

Krismasi ulinicheka, ukasema nalipwa kutafuta almasi mbovu. Hukukosea sana. Ndani ya almasi mna kasoro ndogo ajabu, pengo kando ya chembe moja ya naitrojeni, na ukiimulika kwa leza ya kijani inatoa mwanga mwekundu. Shida ni kwamba mwanga mwingi hunaswa humohumo. Kwa hiyo mimi huchonga juu yake pete ndogo kuliko vumbi, ziutoe nje. Mwezi uliopita kipande changu cha almasi kiliwaka mpaka Profesa Dragica, mkuu wa maabara yetu, akapiga kelele, "Umetisha, Tamsin!" Akaanza kuandaa makala.

Kisha mwanga ukafifia. Kaka, almasi haichoki kung'aa. Hilo tunafundishwa kabla hata ya kuonyeshwa choo. Ikiwa imefifia, nikasema, basi kuna mkono wa mtu. Na mkono wa nani kama si wa Fergus, jirani yangu wa meza, ambaye pete zake ziligoma kutoa mwanga? Nikaanza kumchunguza. Nilibandika utepe kwenye kisanduku changu cha kazi, nikaukuta umekunjika. Alinikaribisha chai, nikakataa. Aliniuliza hali yako, nikajiambia huyu ananilainisha.

Siku moja nikamfuma. Kipande changu kimo kwenye kikombe chake cha asidi, na yeye amesimama na miwani yake kama hakuna neno. Nilimfokea mpaka watu wakatoka ofisini. Akajibu tu, "Nimekiosha, Tam. Hebu kitazame sasa." Nikakitazama. Kilikuwa hafifu kama vyake. "Huna haya wewe!" nikamwambia. Profesa akamnyang'anya ufunguo wa maabara, na Jumatatu kikao kinaamua kama afukuzwe. Akifukuzwa, shahada yake ya udaktari ndiyo basi.

Nikachonga kingine. Kikawaka vizuri, nikafurahi kwamba bila Fergus mambo ni safi. Kesho yake kikafifia, na Fergus hana ufunguo.

Ndipo nilipoitazama mikono yangu. Kila asubuhi nikishuka kwenye tramu najipaka mafuta ya kukinga jua, yaleyale unayonitumia tangu saratani ilipokula sikio lako ukaniapisha. Mlangoni navaa glavu, nikizivuta kwa vidole hivyohivyo. Nikachukua kioo kitupu, kisicho na almasi wala pete, nikakigusa kwa kibano changu, nikakiweka chini ya leza. Kikawaka. Kaka, nililia. Tulichokishangilia ni mafuta yako, na mafuta leza huyachosha kama jua linavyochosha rangi ya banda lako.

Jana nilimfuata Fergus kwake nikitegemea anifungie mlango. Akasema alifungua kisanduku changu kutafuta kinachofifisha mwanga, akasikia harufu ya nazi ya mafuta yangu kwenye kibano, akaelewa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Ningesemaje, Tam? Mbele ya watu nikwambie uache kupaka, na kaka yako yamemkuta yale? Nilidhani nikikiosha utaona mwenyewe."

Mimi sikuona. Nilikuwa namtazama yeye.

Kwa hiyo Jumatatu naingia kikaoni na kioo kitupu, nikiwashe mbele ya wote. Makala itakufa, na Profesa hatanisamehe upesi. Naogopa, sikufichi.

Mafuta endelea kunitumia. Nitapaka, kisha nitanawa. Msalimie Shirley na watoto, na mbwa ukipenda. Fergus anakuulizia tena hali. Safari hii nimemjibu.

Dada yako,
Tamsin